Vipele usoni mwa mtoto mchanga: nilichojifunza nilipoacha kumpaka kila kitu

Mwanangu alikuwa na siku 18. Niliamka usiku kumnyonyesha, nikapitisha mgongo wa kidole shavuni mwake, nikagusa kitu kama chembe za mchanga. Nikawasha taa. Mashavu yote mawili, kidevu na paji la uso vilikuwa vimejaa vipele vidogo, vimekoza rangi kuliko ngozi yake, vingine vina kichwa cheupe. Jioni yake nilikuwa nimeona vitatu tu. Nililia pale pale kitandani, naye ananyonya hana habari.

Siku tatu zilizofuata nilihangaika. Nilimwogesha asubuhi, mchana na jioni kwa sabuni tuliyoletewa zawadi, ile yenye harufu nzuri. Nikampaka mafuta ya watoto. Nilipoona vipele vimezidi, nikampaka poda juu ya mafuta. Jirani, kwa nia njema kabisa, akaniletea krimu iliyomsaidia yeye, na nilikuwa nimeshafungua kifuniko mama yangu aliponizuia: "Hiyo ya mtu mzima, mwanangu. Kesho mpeleke kliniki." Kufikia hapo mashavu yalikuwa makavu yanabanduka, na kwenye mikunjo ya shingo poda ilikuwa imegandamana na jasho, ngozi ya chini imechubuka.

Muuguzi hakuanza na vipele. Aliniuliza kama mtoto ananyonya vizuri, kama amepata homa, kama akiamka anachangamka. Kisha akamvua nguo zote akamkagua mwili mzima, makwapani mpaka nyayoni. Mwisho ndipo akaniuliza, "Mama, umempaka nini?" Nikaanza kutaja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Kuanzia leo uso ni maji matupu. Usimpake kitu kingine."

Zilikuwa chunusi za watoto wachanga. Huanza mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 4, na kwa kawaida huisha zenyewe mtoto anapofikisha miezi 3 au 4. Hazitokani na uchafu, na mama hajakosea kitu. Kubanduka na kuchubuka ndiko kulikotokana na mimi.

Kuna vipele vingine ambavyo sasa navitambua haraka. Vile vyeupe vigumu kama punje, puani na mashavuni, vinavyoonekana tangu kuzaliwa, ni vijifuko vidogo vilivyoziba. Usivikamue, vitaondoka ndani ya wiki chache. Mabaka yenye kipele katikati yanayotokea siku za kwanza baada ya kuzaliwa, leo shavuni, kesho kifuani, nayo hupotea yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki 2. Harara huja kwa joto, jasho likikosa pa kutokea, na tiba yake ni kumpunguzia mtoto nguo. Sisi wazazi huwafunika sana! Mshike kifuani au kisogoni: pakiwa na jasho, amezidiwa na nguo, hata kama viganja vyake ni vya baridi. Pumu ya ngozi ni jambo jingine. Mara nyingi huanza baada ya miezi kadhaa, ngozi huwa kavu, ina mikwaruzo, inawasha, na mtoto hujisugua uso kwenye shuka au kwenye bega lako. Hiyo haiondoki kwa kuiacha tu, inataka mpango wa matibabu.

Picha nyingi za vipele huonyesha wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa. Utaona weusi uliokoza, rangi ya zambarau au ya kijivu. Kwa hiyo peleka mtoto penye mwanga wa dirisha, na utumie vidole: je, pana joto? Pamevimba? Panakwaruza?

Uso wa mwanangu niliuosha mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini cha pamba, nikikaushia kwa kugusa-gusa bila kusugua. Akicheua maziwa, nafuta mara moja, hasa chini ya kidevu na shingoni, maana maziwa na udenda vikikaa hapo ngozi huchubuka. Nguo na shuka nilifua kwa sabuni isiyo na manukato, nikasuuza zaidi ya nilivyozoea. Manukato yangu mwenyewe niliyaacha pia, kwa sababu shavu lake linalala kifuani kwangu. Palipokauka sana mwilini nilipaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo, akiwa bado na unyevu wa kuoga. Poda niliiacha moja kwa moja. Vumbi lake huingia mapafuni mwa mtoto.

Kuhusu krimu, nitasema bila kumung'unya maneno. Krimu nyingi zinazosifiwa kwa kuondoa vipele kwa siku mbili zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, hunyonya dawa kupita ya mtu mzima, nayo dawa huingia mwilini. Kuna steroidi ambazo daktari huandikia watoto wenye pumu ya ngozi, kwa kipimo na kwa siku maalumu. Ya kuazimwa kwa jirani, hapana.

Na yapo yasiyosubiri. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, awe na vipele au asiwe navyo. Vivyo hivyo akiwa na malengelenge yenye maji, usaha, maganda ya rangi ya asali, wekundu unaotanda na kuwa moto, au madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa gilasi. Mtoto anayegoma kunyonya au aliyelegea, usimpe hata usiku mmoja wa kumwangalia.

Nilikuwa nampiga picha kila asubuhi, dirisha lile lile. Wiki ya kwanza ya maji matupu sikuona tofauti, na mkono uliniwasha kutafuta chupa ya mafuta. Wiki ya tatu nilizilinganisha picha: paji la uso lilikuwa limesafika, na kidevuni vilibaki vinne.