Baba peke yako na mtoto wa kuasili wa mwaka na nusu: siku zinavyokwenda

Mkuu, umeuliza mambo matatu: siku inakwendaje ukiwa baba peke yako na mtoto wa kuasili wa mwaka na nusu, kama mtoto aliyezoea kulelewa na wanawake atamkubali mwanamume, na urudi lini kazini. Waliotangulia kukujibu hapa wamekueleza vizuri habari za mahakama na ustawi wa jamii, sirudii. Wangu alikuja akiwa na umri huo huo, sasa anakaribia miaka mitatu. Nitasema ya ndani ya nyumba tu.

Nianze na la pili, maana ndilo naona linakunyima usingizi. Watu watakwambia usiku anamlilia mama. Mtoto aliyeachwa akiwa mchanga mama hamjui. Anayemlilia ni yule mlezi wa zamu aliyekuwa akimbeba, na harufu ya shuka lake, na kelele za wenzake vitandani. Wewe unaona umemtoa pabaya ukamleta pazuri. Yeye anaona siku moja tu kila alichokijua kimetoweka, na aliyebaki mbele yake ni jitu refu lenye sauti nzito. Ni msiba ule, na wanaosema "mtoto mdogo hakumbuki" wanajifariji wenyewe. Kwa hiyo kabla hujamchukua, nenda kwenye makao ya watoto anakolelewa mara nyingi utakavyoruhusiwa na ukae na huyo mlezi. Muulize mtoto analalia ubavu gani, anaimbiwa nini, anabebwa mgongoni au kifuani, anaogeshwa saa ngapi, anaogopa nini. Kisha yaige yote kama yalivyo, hata yale unayoyaona ya ajabu. Omba nguo au shuka alilolalia, na ukifika nalo nyumbani usilifue.

Uanaume wako utamshtua kwa muda, basi. Mwaka 2014 watafiti wa Israel walipima ubongo wa wazazi wakiwa wanatazama video zao wenyewe na watoto wao, na kwa akina baba waliokuwa walezi wakuu bila mama nyumbani, ile sehemu ya ubongo inayoshtuka kwa ajili ya mtoto ilifanya kazi karibu sawa na ya akina mama. Kazi ya kulea ndiyo inayoamsha mambo hayo. Sikuhitaji maabara kuyajua, lakini siku shangazi zako watakapokuandama utashukuru kuwa na la kujibu.

Jambo lenye uzito zaidi ni umri. Kuna utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, kwa watoto 136 wa makao ya serikali. Nusu yao walipelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofanikiwa zaidi kushikamana na walezi wapya. Umesema unasubiri kwanza kumaliza ukarabati wa nyumba. Mimi nakwambia acha ukuta bila rangi, kamchukue mtoto.

Sasa siku yenyewe. Jiandae kwa kitu ambacho hakuna aliyeniambia: mtoto wa makao anaweza kuamka asilie. Unaingia chumbani asubuhi unamkuta macho makavu, anatazama dari, yuko macho tangu saa usizozijua. Wageni watakusifu kuwa umepata mtoto mtulivu. Utulivu ule ni wa mtu aliyelia zamani asipate wa kuja, akaacha. Niliweka godoro langu sakafuni karibu na kitanda chake, na kila nikisikia anajigeuza nilikuwa nasema jina lake na kumshika mkono, hata kama hakuniita. Usiku alioniita kwa kilio mara ya kwanza, kilio hasa cha kudai, nilifurahi kuliko siku aliyotembea. Ukifika hapo usikubali mtu akushauri umwache alie hadi azoee. Huyo amekwisha kuzoea, ndiyo shida yenyewe.

Usingizi kwa umri huo ni saa 11 hadi 14 kwa siku ukijumlisha na ule wa mchana, hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema. Wiki za mwanzo wako hatafikia hapo. Achana na hesabu, shika utaratibu. Mimi nilifanya kila kitu kifuatane vile vile: kuamka, nepi, chakula, kucheza sakafuni, kutoka nje, chakula, kulala, na jioni kuoga kisha wimbo ule ule mmoja ambao sasa nauchukia kwa moyo wote. Rafiki zangu waliniona nimegeuka kuwa askari. Lakini mtoto aliyehamishwahamishwa anahitaji kujua kinachofuata, na yeye haelewi ahadi, anaelewa marudio. Hapa ndipo kuwa peke yako kunakusaidia, Mkuu, ingawa hakuna atakayekwambia. Mkono unaomlisha ndio unaomwogesha na ndio unaomlaza. Mtoto haulizi leo ni zamu ya nani.

Kwa sababu hiyo, wiki za kwanza funga mlango kidogo. Ndugu watataka kuja kumpakata. Waje, waongee, walete walichonacho, waoshe vyombo, lakini kumlisha, kumbeba na kumbembeleza ni wewe tu. Watanuna. Utamwona mtoto anamkimbilia kila mgeni na kukaa mapajani mwa yeyote, na watasema hana maringo. Mtoto wa umri huo aliyeshikamana na mtu wake huwa anajificha kwanza nyuma ya miguu yake akiona sura ngeni. Siku wangu alipojificha nyuma ya miguu yangu na kumkatalia jirani kabisa, jirani aliona aibu, mimi nilikuwa natamani kumkumbatia.

Kwenye chakula, usishangae akila bila kushiba, akijaza mashavu au akificha kipande ngumini hadi kitandani. Usimpokonye. Mwache alale nacho ngumini kama si kitu cha kumkaba, na kila saa za chakula zikifika chakula kiwepo pale pale bila kukosa. Kwa wangu ilipungua polepole mpaka siku moja nikagundua imekwisha bila kuaga. Ila kuwa makini na vitu vya mviringo na vigumu, karanga na mfano wake. Umri huo koo ni jembamba, na aliyezoea kugombania chakula hatafuni.

Hasira zitakuja, za kujitupa chini na kupiga kelele. Hizo ni za umri, kila mtoto wa miaka miwili anazo, usizitafutie historia ya makao kila mara. Tofauti ni namna ya kuzijibu. Wazazi wengine humtenga mtoto chumbani hadi atulie. Kwa wako, mlango unaofungwa una maana nyingine. Kaa naye sakafuni, kimya, usimkaripie wala usimpe alichokuwa anakililia, mpaka ipite. Hadharani ni vigumu, kwani watu wanamtazama mwanamume aliye peke yake na mtoto anayepiga mayowe kwa jicho la kuuliza umemtoa wapi. Tembea na nakala ya hati zake kwenye simu. Mimi zimenifaa.

Halafu kuna upande mwingine wa hao hao watazamaji: utasifiwa mno. Ukimbadilisha nepi kwenye benchi (maana meza ya kubadilishia mara nyingi wameiweka choo cha wanawake) watakuita shujaa. Mama akifanya hivyo hivyo hakuna anayemwona. Pokea, endelea na kazi.

Kazini. Chukua likizo yote ambayo sheria na mwajiri wako wanakuruhusu, na uulize kwa maandishi kama ruhusa ya uzazi inamhusu mzazi wa kuasili, usikubali jibu la mdomo la kwenye korido. Ukianza kumpeleka kituo cha kulelea watoto, anza kwa kukaa naye pale, kisha saa moja bila wewe, kisha asubuhi nzima. Kila unapoondoka muage, hata kama atalia. Ukinyata wakati anacheza utapona na kilio cha leo, na kesho hatacheza tena, atakulinda mlangoni. Na jioni mchukue wewe, si mtu mwingine, angalau miezi ya kwanza. Mimi kikao cha jioni nilikikataa, bosi akakasirika, akazoea.

Hospitali ni sehemu ninayotaka uandike mahali. Daktari atauliza historia ya familia: kisukari, pumu, mzio, magonjwa ya kurithi. Hakikisha kwenye faili imeandikwa kuwa haijulikani. Nimewahi kukuta mhudumu ameandika "hakuna", na hicho ni kitu tofauti kabisa, kinaweza kumpoteza daktari wa kesho. Kadi ya chanjo ikiwa na mapengo, muulize daktari zipi zirudiwe, usidhani alizipata.

Pia jifunze degedege la homa mapema, kwa sababu hutakuwa na mtu wa kumwita chumba cha pili. Huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano wakipandwa na homa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya karibu, usimtie chochote mdomoni wala usimkandamize, tazama saa. Likizidi dakika tano ni dharura, omba msaada wa haraka. Likiisha kabla ya hapo, bado mpeleke aonwe kama ni mara ya kwanza. Dawa ya homa hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo uzito wake uujue, usikisie.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Nimekwambia ufunge mlango wiki za mwanzo, lakini mkono wa pili lazima uutafute mapema: mtu mmoja, siyo kumi. Awe anakuja mara kwa mara, mtoto amzoee akiwa na wewe, ajue wimbo, ajue ubavu wa kulalia. Siku utakapopata homa yako mwenyewe, usiku, huyo ndiye utakayempigia. Na andika wosia unaomtaja mlezi endapo utakufa. Mzazi wa pili hayupo, na ukiacha bila maandishi wataamua watu ambao hata hawajui anaogopa nini. Nenda kwa wakili mwezi huo huo hati zinapokamilika.

Kuhusu wewe mwenyewe: mapenzi yanaweza yasije siku ya kwanza. Kwangu kulikuwa na wiki nyingi za kutimiza wajibu tu, nikimwona kama mgeni niliyekabidhiwa. Hali hiyo inajulikana, huwapata wazazi wa kuasili wa kike na wa kiume, na ikigeuka kuwa huzuni isiyoondoka au hasira usiyoiweza, mwone daktari kwa ajili yako, si kwa ajili ya mtoto.

Mwisho, ulimuuliza mchangiaji mmoja umwambie mtoto ukweli akifika umri gani. Anza sasa, kabla hajaelewa. Wakati wa kumpaka mafuta mimi humwambia kwamba alizaliwa na mama mwingine, akakaa makao, kisha baba akaja kumchukua. Sentensi tatu, basi. Kuna sheria nyuma yake pia: kifungu cha 7 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na siku moja atakuja kuidai kwako. Kwa hiyo siku ya kumchukua piga picha jengo, kitanda, walezi wote, na uandike majina yao nyuma ya kila picha. Wafanyakazi wa makao hubadilika haraka, na ukirudi baada ya miaka mitano kuulizia, hutamkuta hata mlinzi wa getini anayemkumbuka.