Kwa mnaoanza kufundisha tizi: mwangalie mtu kwanza, simu baadaye

Wadogo zangu mnaoanza ukocha hapa Mbeya, na wenzenu wa Iringa na Njombe, nawapenda na mnalijua hilo. Ila mwezi huu nimewaona tena mkimpokea mteja mpya na simu mkononi, programu ya seti 4, kila seti kurudia zoezi mara 12, imeshafunguliwa, na mtu mwenyewe hamjamwangalia hata anavyotembea. Wakongwe wa kazi hii walisimama pembeni ya waliowatangulia, wakabeba sahani za chuma za kunyanyulia, wakahesabu seti za watu wengine, wakajifunza kuona magoti yanavyoingia ndani mtu anapochoka. Nanyi anzieni hapo, hata kama siku hizo hamlipwi.

1. Siku ya kwanza si ya kumkomesha mteja.

Hapa nitakaa, maana ndipo panaponiuma. Kwenye jimu moja alikuja mama mtumishi, binti yake anakaribia sendofu, anataka gauni limkae vizuri. Mazoezi aliyaacha tangu shuleni. Kijana aliyempokea ana moyo wa kazi, akataka mama aone thamani ya hela yake. Akampa skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, akampa kichura, akamzungusha ukumbi mzima kwa lanji, zile hatua ndefu za kukunja magoti, kisha skwati tena. Kila mama alipotaka kukaa, kijana alipiga makofi: “Mama, usikate tamaa, mafuta yanayeyuka hayo!” Na waliokuwepo wakashangilia. Mama akamaliza miguu ikitetemeka, akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake ngazi hazishukiki. Hilo tunalizoea, maumivu ya tizi huwa makali siku ya pili au ya tatu, kisha yanapungua. Yake yakazidi, mapaja yakavimba na kuwa magumu. Akampigia kijana, akajibiwa ni kawaida, arudi tu afanye tena misuli ifunguke. Kwa bahati mkongwe mmoja alikuwa karibu, akaomba ile simu. Hakuuliza habari za seti wala uzito. Alisema, “Pole sana mama. Samahani kwa swali hili, mkojo wako una rangi gani?” Kukawa kimya. Kisha mama akasema ni kama chai ya rangi, tangu asubuhi. Mkongwe akamwambia aende hospitali saa ileile, asisubiri kukuche, na kijana akatumwa amfuate huko.

Misuli isiyozoea ikilazimishwa kupita kiasi huvunjika, na vilivyomo ndani yake humwagika kwenye damu. Kuna protini inaitwa mayoglobini. Hiyo ndiyo inayotia mkojo rangi ile, na ndiyo inayoweza kuharibu figo. Mama alilazwa, akatundikiwa dripu, figo zikapona. Sendofu alihudhuria. Jimu hakurudi, na simlaumu. Kijana naye alinyong'onyea kwa siku nyingi, na nilimhurumia kwa sababu alifanya kile alichoona kinashangiliwa kila siku. Ndiyo maana nikiona mwingine anampigisha mgeni kichura huku wenzake wanarekodi, damu inanichemka.

Mgeni mpe seti 2, mazoezi machache, aondoke bado ana nguvu. Ongeza kidogo kidogo kila wiki. Na swali la mkojo liulizeni bila aibu.

2. Muulizeni ametoka wapi.

Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyehamishwa juzi kutoka Dar au Tanga atahema kwenye mazoezi mepesi tu, kwa sababu kila pumzi huku inamletea oksijeni pungufu. Msimwite mvivu. Mpunguzie kasi, wiki mbili tatu mwili unaanza kuzoea.

3. Juni na Julai, alfajiri yenye baridi, pasheni misuli moto mara mbili ya kawaida.

4. Chakula kianzie jikoni kwake.

Nimeona karatasi ya mlo aliyopewa mkulima wa Uyole: shayiri, brokoli, samaki wa makopo, unga wa protini. Yaani mtu analala na gunia la maharage chumbani! Mwenye kilo 70 anayenyanyua chuma anahitaji protini kama gramu 112 kwa siku, ukipiga 1.6 kwa kila kilo. Yai moja lina 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15 hivi, na bado kuna maziwa, karanga na dagaa wa Ziwa Nyasa. Hesabu ifanyeni mbele yake, kwa vipimo vya sufuria yake. Parachichi la Rungwe ni zuri mno, lakini lile kubwa linapita kalori 300, na mtu wa kupunguza kitambi anakula mawili akiamini ni mboga. Iringa msimu wa mvua muulizeni pia habari za ulanzi, pombe ya mianzi, kwa jina lake. Ukiuliza pombe, wengi watakujibu kwa moyo safi kwamba hawanywi.

5. Dawa. Muulizeni kila mteja anatumia dawa gani, kabla hajagusa chuma.

Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kushuka sukari katikati ya mazoezi. Akianza kutoka jasho la baridi na kutetemeka, simamisheni, mpeni soda yenye sukari au juisi. Mwenye presha asibane pumzi anaponyanyua, atoe hewa wakati wa kusukuma. Na kuna wazee wanaotumia atenolo, dawa ya presha. Dawa ile huzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo saa ya mkononi inaweza kusoma mapigo ya chini wakati mzee ameishiwa kabisa. Kwa huyo iacheni saa, mpigisheni stori za Simba na Yanga anapotembea. Akishindwa kumaliza sentensi, mpunguzieni mwendo.