Mrija wa figo ukiziba: matundu madogo, na pesa zinakoponyokea

Mtu akishikwa ubavuni kila anapokunywa maji mengi, huku kwetu Zanzibar jina la kwanza ni chango. Atakandwa, atanyweshwa dawa, na maumivu yatatulia, maana yenyewe ndiyo tabia yake: yanakuja na kuondoka. Maumivu ya upande mmoja, yenye kutapika, yanayozidi baada ya madafu mawili matatu, hayo yapelekwe ultrasaundi kabla ya pesa kuishia kwenye mitishamba.

Mara nyingi pamebana pale mfuko wa figo unapoungana na mrija unaoshusha mkojo kwenye kibofu. Wengine wamezaliwa hivyo. Wengine wana mshipa wa damu uliopita juu ya mrija ukaukunja. Mkojo unakwama, figo inapanuka, nyama yake inakonda taratibu.

Ila ultrasaundi inaonesha figo iliyovimba tu, na kuvimba peke yake si kuziba. Kinachoamua ni skani ya nyuklia: unachomwa dawa yenye mionzi kidogo, mashine inafuatilia inavyopita kwenye figo, pamoja na sindano ya Lasix, dawa ya kuongeza mkojo. Nusu ya dawa yenye mionzi ikitoka kwenye figo chini ya dakika 10, njia iko wazi. Ikipita dakika 20, kuna kizuizi. Hapo katikati hata madaktari hubishana. Kipimo hiki huharibika kirahisi: mgonjwa akija na kiu, au kibofu kikiwa kimejaa, figo huonekana imeziba kumbe sivyo. Basi kunywa maji ya kutosha, nenda msalani kabla ya kulala kwenye mashine. Hakipo kila hospitali, kwa hiyo piga simu kwanza ndipo ukate tiketi ya boti.

Skani hiyo hiyo inatoa mgao wa kazi, yaani kila figo inafanya kiasi gani. Figo inayofanya chini ya asilimia 40 hivi ya kazi yote kwa kawaida hurekebishwa. Ikishuka chini ya 10, mazungumzo huwa ya kuitoa.

Upasuaji wenyewe hutumia matundu matatu au manne ya milimita 5 hadi 10. Tumbo hujazwa gesi, sehemu iliyobana hukatwa, mrija hupanuliwa mdomo na kushonwa upya kwenye mfuko wa figo kwa uzi mwembamba unaoyeyuka. Ikiwa kuna mshipa, mrija huhamishiwa mbele yake. Mbinu ya kukata na kushona ni ya Anderson na Hynes, tangu 1949. Kwa matundu inafanywa tangu 1993. Kwa mkono uliozoea, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hupona. Roboti huongeza bei kuliko inavyoongeza uponaji. Kupasua mrija kwa ndani bila kushona ni kwepesi, lakini hufeli zaidi, hasa penye mshipa.

Gharama hushuka hospitali inapotumia vyuma vinavyochemshwa na kutumika tena badala ya vya kutupa. Omba bei ya jumla: dawa ya usingizi, stenti (kijirija laini kinachoachwa ndani baada ya upasuaji), kitanda cha siku mbili tatu, na kutolewa stenti, kitu ambacho husahaulika kwenye hesabu. Mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aulize mapema kinacholipiwa, rufaa ya Dar ikiwemo. Na kama daktari wa matundu anafanya kazi hii mara moja moja, mkato mdogo wa kawaida kwa daktari aliyeuzoea ni bora. Kovu litazidi kidogo, figo haitajali.

Stenti hubaki ndani wiki 4 hadi 6. Mkojo wa rangi ya waridi na kukojoa mara kwa mara ni kawaida. Homa ya nyuzi 38 si kawaida, rudi siku hiyo hiyo. Stenti ikipita miezi mitatu huweza kujengeka mawe juu yake, na kuitoa kunaweza kuhitaji upasuaji mwingine. Anayekaa Micheweni au Mkoani, kule Pemba, asirudi nyumbani bila tarehe ya kuitoa iliyoandikwa.

Ultrasaundi ya miezi mitatu baada ya upasuaji huenda bado ikaonesha uvimbe. Usishtuke: mfuko uliotanuka miaka mingi haurudi kuwa mdogo haraka. Linganisha na picha ya zamani, kisha rudia skani ya nyuklia.