Jibu: Rezista ya ndani ya chipu haitoi thamani niliyoandika

Yakhe, umeuliza mbona rezista yako (kizuia umeme, hupimwa kwa omu) ya omu 10,000 ndani ya chipu inakupa jibu jingine baada ya kuichora. Umeiandika kama ile ya dukani, namba tupu. Kwenye silikoni hatusomi pete za rangi, twahesabu miraba ya mstari uliochorwa. Tabaka la rezista likiwa na omu 200 kwa mraba, wahitaji miraba 50 kwa mstari, kama vigae vya ukumbini: ukubwa wa mraba haubadilishi hesabu. Ila mraba wa kona, pale mstari unapopinda, huhesabiwa kama 0.56 tu, maana umeme hukata njia ya ndani, na miguso ya ncha mbili, pale rezista inapoungana na waya za chuma, huongeza omu zake. Hapo ndipo nami niliponaswa mara ya kwanza.

Kisha joto. SPICE, programu ya kuiga saketi, huanzia nyuzi 27, na Mombasa mwezi wa Machi hata chumba chazidi hapo, sembuse chipu inayofanya kazi. Tia mgawo wa joto, yaani omu hubadilika kiasi gani kwa kila nyuzi, kwenye modeli ya rezista.

Thamani yenyewe yaweza kuyumba hata asilimia 20 kiwandani, kwa hivyo tegemea uwiano wa rezista mbili zilizolazwa jirani, usitegemee moja. Masafa ya juu, yaani umeme unaobadilika haraka sana? Igawe rezista kwenye modeli vipande vitano hivi, kila kimoja na kapasita yake (kihifadhi chaji) kuelekea kitako cha silikoni kilicho chini yake.