Usipime funga yako kwa saa za panya

Kila Ramadhani ikikaribia, simu za vijana hapa Mikindani hujaa video za watu wanaotuambia ini "linaishiwa sukari" baada ya saa kadhaa na mwili unaanza kuchoma mafuta. Ukifuatilia hizo saa zilitoka wapi, mara nyingi unamkuta panya. Kabla sijarudi Mtwara kufundisha baiolojia nilikuwa msaidizi kwenye maabara ya wanyama chuoni, na kuwafungisha panya kisha kuwalisha tena ilikuwa sehemu ya kazi yangu. (Najua, huku kusini ukitaja panya mtu anauliza wa kuchoma au wa kukaanga. Wale walikuwa weupe, na hawaliwi.)

Wanga unaozidi mahitaji ya mwili kwa wakati huo huwekwa akiba iitwayo glaikojeni, hasa kwenye ini na misuli. Mfaransa Claude Bernard aliipata kwenye ini mwaka 1857. Panya aliyeshiba, glaikojeni hufika kama asilimia 5 ya uzito wa ini lake. Mnyime chakula saa 24 na karibu yote inakwisha. Ya misuli nayo hushuka, ila si kwa kiasi hicho. Moyo ndio unaoshangaza: akiba yake huongezeka panya akiwa na njaa, kwa sababu moyo huo unachoma mafuta na sukari inabaki.

Sasa tazama umbo la mnyama mwenyewe. Panya mdogo wa maabara ana gramu 25 hivi, na kila gramu yake hutumia nguvu karibu mara saba ya gramu ya mwili wako. Usiku mmoja bila chakula unaweza kumpunguza zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito. Mtu wa kilo 70 angeamka amepungua kilo saba! Ini la mtu mzima lina kama gramu 100 za glaikojeni na misuli yake yote kama gramu 400, na ini hilo huchukua siku nzima au zaidi kukauka. Funga yetu ya alfajiri hadi magharibi, saa 13 na kitu, haifiki huko kama ulikula daku.

Kisha kuna suala la saa yenyewe. Panya hula usiku na kulala mchana. Ukimwondolea chakula asubuhi hadi jioni, hujamnyima kitu kikubwa. Ukimwondolea jioni, umemkata mlo wake mkuu. Kwa hiyo mtu akikuambia "panya walifungishwa saa 12", muulize zilianza saa ngapi. Kwa ratiba, mfungaji wa Ramadhani, naye akila usiku na kukaa bila chakula mchana, ndiye anayefanana na panya aliyeshiba.

Wadogo zangu mnaosomea mambo haya, badilisheni na pumba za sakafuni mnapoondoa chakula, maana panya hula kinyesi chake na chochote kilichodondoka. Msimkimbizekimbize, hofu peke yake inateketeza glaikojeni. Na ini likishatolewa ligandishwe papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika. Ukichelewa kidogo, unapima uzembe wako.

Upande wa kulisha tena ndio ninaoutumia nyumbani. Panya akirudishiwa chakula, ini halijai mara moja. Misuli huvuta sukari mapema, na sehemu kubwa ya glaikojeni mpya ya ini hutengenezwa kwa njia ya kuzunguka, kutoka kwenye laktati (kinachobaki sukari ikivunjwa), si moja kwa moja kutoka kwenye sukari iliyoliwa. Kujaza huko huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana sioni haja ya kumaliza sinia lote adhana ikiisha. Maji, tende, uji, swala, kisha muhogo wa nazi au ming'oko (viazi mwitu vya huku kwetu) na samaki, halafu tena kidogo baada ya tarawehe. Juisi ya sukari nyingi naiacha. Ming'oko ina wanga wa kutosha.

Wanaocheza mpira jioni wakiwa wamefunga huniambia miguu ina nguvu lakini kichwa chepesi. Misuli haina kimeng'enya cha kurudisha sukari yake kwenye damu, kwa hiyo akiba ya mapaja haiusaidii ubongo moja kwa moja. Ini ndilo linalogawa. Lakini kichwa kinachouma saa tisa alasiri, kabla ya kulaumu ini, fikiria maji uliyokosa na kahawa uliyozoea asubuhi.

Haya yote ni kwa mtu mzima mwenye afya. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aende kwa daktari wake kabla mwezi haujaandama, dozi na saa zake zipangwe upya au aambiwe asifunge.