Mapenzi ya ukooni: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

SWALI. Nina miaka 24, naishi Katuba. Kijana tunayependana ni mtoto wa shangazi yangu: mama yake na baba yangu ni tumbo moja, Wabemba wa upande wa Sakania. Baba yake ni Muluba. Nyanya anafurahi, anasema huyo ni mufyala wangu (mtoto wa shangazi au mjomba), hakuna ubaya. Baba wa kijana anasema tukiendelea atamkana mwanawe, kwa kuwa tunaingiza laana nyumbani. Sisi ni Wakatoliki. Nani ana haki? Na watoto watazaliwa wazima?

JIBU. Dada, wazee hao wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa desturi aliyolelewa nayo. Wabemba hufuata ukoo wa mama. Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo wako ukoo mmoja, hawaoani. Watoto wa ndugu wawili wa kiume nao ni kaka na dada, kwani kila mmoja humwita mzazi wa mwenzake "baba". Lakini wewe una ukoo wa mama yako, na kijana ana ukoo wa mama yake, ambao ndio wa baba yako. Koo ni mbili, na kwa nyanya mufyala ni mtu wa kutaniwa na hata wa kuolewa. Familia nyingi za Kiluba hufuata ukoo wa baba, na huku damu ya upande wa mama nayo haichezewi: mtoto wa mjomba ni dada yako, basi.

Sheria haitawaamulia. Kifungu cha 353 cha Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, kinakataza ndoa kati ya mzazi na uzao wake, na kati ya kaka na dada, hata wa mzazi mmoja tu. Ndugu wengine wanakatazwa pale desturi inapokataza, na ninyi mna desturi mbili zisizokubaliana. Kwa hiyo shauri litakatwa kwa wazee kabla halijafika komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Tena ofisi ya komini haifungishi ndoa kama mahari hayajatolewa, walau sehemu yake, na ni nani atakayeyapeleka ikiwa baba wa kijana amekaa pembeni?

Msiende wenyewe kubishana naye. Aanze mama wa kijana, kisha kaka mkubwa au dada wa huyo baba, mtu ambaye yeye humsikiliza. Waulize kitu kimoja wazi: laana anayoiogopa ni ipi, na ukoo wake unadai nini ili iondolewe? Kuna familia ambazo jibu ni tendo fulani la wazee, na kuna ambazo jibu ni hapana. Afadhali kulijua hilo sasa. Vijana wengi hukimbilia kupata mimba ili wazee washindwe kukataa. Tunaomba msifanye hivyo: mzee aliyelazimishwa hukubali kwa mdomo, halafu kila homa ya mtoto atasema "niliwaambia".

Kwa upande wako, baba yako ndiye mjomba wa kijana, na kwa Kibemba mjomba ana neno kubwa katika ndoa ya mpwa wake. Hawezi kumsemea mwoaji na huku anapokea mahari. Tafuteni mzee mwingine wa ukoo wa nyanya amsimamie kijana, shibukombe, yaani mshenga, atoke nje kabisa, na ndugu wa mama yako asisahauliwe.

Jambo moja husahauliwa karibu kila mara. Mke akigombana na mume, hukimbilia kwa shangazi. Wewe shangazi yako atakuwa mama mkwe. Ugomvi wa chumbani kwenu utakuwa ugomvi wa baba yako na dada yake, na mkiachana, tumbo moja linaweza kugawanyika. Chagueni tangu mwanzo watu wawili wa kuwapatanisha ambao si watoto wa nyanya huyo, na familia zote mbili ziwajue.

Kanisani, hesabu hivi: wewe, baba yako, mama yake kijana, yeye. Mko 4, bila nyanya. Kanuni ya 1091 ya sheria za Kanisa inabatilisha ndoa hadi daraja hiyo ya nne, lakini askofu anaweza kutoa ruhusa. Mwambieni paroko siku ya kwanza kabisa, kabla ya kupanga tarehe. Wanaoficha undugu na kufunga ndoa bila ruhusa, ndoa yao ni batili mbele ya Kanisa hata wakiwa wameshazaa.

Sasa watoto. Kwa wazazi wasio ndugu, takriban watoto 2 hadi 3 kati ya 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinamu wa kwanza, idadi huwa kama 4 hadi 6. Maana yake wengi huzaliwa wazima, lakini hatari imekaribia maradufu. Sababu ni kwamba mnashiriki wastani wa sehemu 1 kati ya 8 ya urithi wenu. Ugonjwa adimu ambao mtu 1 tu kati ya 100 anaubeba bila kuumwa: ukiwa unao, mgeni ana nafasi 1 kati ya 100 ya kuwa nao pia, binamu ana karibu 1 kati ya 8. Ulizeni wazee, bila haya: ni nani katika ukoo alizaa watoto viziwi, au waliokufa wachanga mmoja baada ya mwingine, au walioshindwa kutembea?

Drepano, yaani selimundu, ni ya kupimwa na kila mchumba, ndugu au la, kwa kuwa hapa kwetu wanaoibeba ni wengi. Mkiwa AS wote wawili, yaani mnaibeba bila kuumwa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, yaani mgonjwa. Ombeni kipimo cha damu kiitwacho elektroforesi ya hemoglobini. Kipimo cha Emmel huonyesha tu kwamba kuna S. Hakitofautishi AS na SS. Na aliyeongezewa damu asubiri miezi 4, la sivyo atasomewa damu ya mtu mwingine.

SWALI. Binti yangu, miaka 16, anaandikiana mapenzi na mtoto wa dada yangu, miaka 19, aliyekuja kukaa kwetu Kampemba mwaka huu. Nimpige?

JIBU. Hapana, mama. Waliolelewa pamoja tangu utoto ni nadra kutamaniana; hawa wamekutana wakiwa wakubwa, na hisia hiyo haikutoka kwa uovu. Lakini watoto wa akina dada wawili ni ndugu kwa Wabemba na kwa Waluba pia. Tena binti yako hajafikisha 18: kwa sheria ya 2006, kulala naye huhesabiwa ubakaji, kifungo cha miaka 5 hadi 20. Ongea na dada yako leo. Anayehama ni kijana, binti abaki na shule yake. Asiaibishwe mbele za watu, asije akaacha kukwambia mambo yake.

SWALI. Sisi ni Waislamu, asili yetu Kasongo. Nataka kumwoa binti ami, ila nyanya anasema mama wa binti huyo aliwahi kuninyonyesha.

JIBU. Binti ami ni halali kwako. Maziwa ndiyo ya kuchunguza: aya ya 23 ya Sura An-Nisaa inaharamisha ndugu wa kunyonya. Kwa madhehebu ya Shafii, ni manyonyo 5 kamili, kabla hujatimiza miaka 2. Waulizeni wanawake waliokuwepo, kila mmoja peke yake, kisha mpelekeeni shehe maelezo hayo. Ikithibitika, watoto wote wa mama huyo ni ndugu zako, hata waliozaliwa miaka mingi baadaye. Mdogo wako ambaye hakunyonya kwake anaweza kumposa binti huyo.