Ukaguzi wa pasipoti alfajiri kwenye meli ya kitalii: je, watoto nao lazima waamke?

SWALI: Kamwene kaka. Niko Iringa mjini. Mdogo wangu anaishi Uingereza, katulipia safari ya meli ya kitalii mwezi wa 6, naenda mimi, watoto wangu watatu (miaka 9, miaka 5, na mdogo ana mwaka na nusu) pamoja na mama yetu mzazi. Mume wangu anabaki, kazi zake za Mafinga hazimruhusu. Meli inatoka Southampton, inaenda Bergen, afu Lerwick, afu Reykjavik, inarudi Southampton. Viza za Uingereza tunazo tayari, fomu mdogo wangu alitujazia mwenyewe mtandaoni. Za Schengen ndo tunaandaa. Sasa kwenye ratiba wameandika siku ya Lerwick abiria wote, hadi watoto wachanga, wapite kwa maafisa uhamiaji ana kwa ana kuanzia saa 12 na nusu asubuhi na hakuna mtu kushuka mpaka wote wamalize. Hivi siwezi kwenda mimi na pasipoti zote, wanangu wakabaki wamelala na bibi yao? Na kwanini alfajiri hivyo jamani? Mama ana presha na magoti yanamsumbua, foleni ndefu haiwezi. Afu watoto wanatumia ubini wa baba yao, mimi sikubadilisha jina langu, hapo si itakuwa shida?

JIBU: Kamwene dada. La kwanza nakujibu moja kwa moja, haiwezekani, na usikubali mtu akwambie kuna ujanja. Ana kwa ana maana yake afisa anashika pasipoti anaangalia picha, afu anamwangalia mwenye picha. Tena huyo mtoto wako wa mwaka na nusu ndo wanataka kumwona kabisa, maana kama picha alipigwa ana miezi minne sahivi hata bibi yake angebisha kama ndo yeye. Kwa hiyo wote watano mnaenda, mnakaa pamoja, mnapita pamoja kama familia.

Kwanini alfajiri. Angalia njia ya meli yenu. Bergen iko Norwei, na Norwei iko ndani ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ingawa haipo Umoja wa Ulaya. Lerwick ni mji wa visiwa vya Shetland, Uskoti, kwa hiyo ni Uingereza. Yaani mkitoka Bergen mmeshaondoka Schengen na mnaingia Uingereza upya, kama vile mmeshuka uwanja wa ndege wa Heathrow, haijalishi kwamba safari mlianzia Southampton. Sasa meli kama hizo zinabeba watu elfu mbili, elfu tatu, na Lerwick ni mji mdogo, hamna ukumbi wa forodha wa kumeza umati huo, kwa hiyo maafisa wanapanda wao melini, wanawekewa meza kwenye ukumbi wa maonyesho au sehemu ya kulia chakula, na watu wanaitwa kwa makundi. Mabasi ya matembezi yanasubiri bandarini asubuhi, na wote waliolipia matembezi wanataka kushuka. Ukianza saa 3 hakuna atakayeiona Lerwick siku hiyo. Mambo haya hayako Uskoti tu, St. Thomas kwenye visiwa vya Virgin vya Marekani iliwahi kuwa maarufu kwa hilo hilo, abiria wameshaamshwa sana pale.

Na hiyo ya kusubiri wote wamalize, muielewe vizuri, maana hapo ndo ugomvi huwa unaanza. Familia moja ikikaidi kuamka, watu wote wanakaa wanaisubiri. Kwanza mtaitwa kwenye spika za meli, namba ya chumba inasomwa kila mtu anasikia, afu mhudumu anakuja kugonga. Sasa hebu pata picha mnaingia ukumbini mmechelewa watu elfu mbili wameshavaa viatu na mabegi mgongoni wanawaangalia.

Ila dada kwa watu wa Iringa saa 12 na nusu ni ya kuogopa kweli? Si watoto hao hao mnawaamsha saa 10 kuwahi basi la Dar. Na kuna kitu kitakusaidia: saa. Mwezi wa 6 Uingereza iko nyuma yetu masaa mawili, Norwei iko nyuma lisaa limoja tu. Kwa hiyo usiku ule mnatoka Bergen kwenda Lerwick saa za meli zinarudishwa nyuma lisaa, mnapata lisaa la usingizi la bure, na saa 12 na nusu ya Lerwick ni saa 2 na nusu asubuhi ya Iringa. Tahadhari ni moja, simu. Simu inaweza ikashika mtandao wa nchi kavu ikajibadilisha wakati wake, au isishike kitu ikabaki na saa ya Norwei, halafu alamu inalia muda usioeleweka. Fuata saa ya meli, ile wanayoandika kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku wanayoleta chumbani, na omba mapokezi wawapigie simu ya kuwaamsha. Kingine, Shetland mwezi wa 6 jua linachomoza kabla ya saa 10 alfajiri na linazama saa 4 na nusu usiku hivi. Watoto wataona nje kweupe na watakataa kulala. Funga mapazia mapema na wala usibishane nao kuhusu jua.

Haya, kuamka tumemaliza, sasa tuje kwenye mambo ambayo mimi yananinyima raha zaidi, maana foleni ya asubuhi haijawahi kumrudisha mtu nyumbani, karatasi ndo zinarudisha.

La kwanza ni viza yenu ya Schengen. Hesabu na mimi: Bergen mnaingia Schengen mara ya kwanza. Lerwick mmetoka. Reykjavik iko Aisilandi, nayo ni Schengen, kwa hiyo mnaingia mara ya PILI. Mkiomba viza ya kuingia mara moja itaisha kazi Bergen, na Reykjavik mtaiona dirishani, hiyo kama kampuni ya meli itakubali hata kuwapakia Southampton, kwasababu kule kwenye kaunta wanakagua viza za njia nzima kabla hujakanyaga ngazi na wana haki ya kukuacha bandarini na mabegi yako. Kwenye stika ya viza kuna sehemu ya idadi ya kuingia, inaandikwa 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Ninyi mnahitaji 02 au MULT, na hiyo inaombwa kwenye fomu na inaelezwa kwenye barua, ratiba ya meli mnaambatanisha wakaione wenyewe. Watu wengi wanaliwa hapa kwasababu wanafikiri safari ni moja basi na kuingia ni kumoja. Pa kuomba ni ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, siku zikilingana ni ile mnayoingia kwanza, yaani Norwei. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000 kwa kila mmoja. Ada ni euro 90 mtu mzima, mtoto wa miaka 9 ni 45, na hao wawili walio chini ya miaka 6 hawalipi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila ukisubiri hizo siku 15 mimi simo.

La pili ni viza za Uingereza za watoto, hizo ulizosema ziko tayari. Zifungue leo hii usome. Mtoto chini ya miaka 18 anayesafiri na mtu mzima, viza yake inamtaja huyo mtu mzima, na wanaweza kutajwa hadi watu wazima wawili. Kwakuwa mdogo wako ndo alijaza fomu, mi naogopa asije akawa aliandika baba yao, kwa kudhani familia yote inakuja, au akaandika bibi peke yake. Aliyetajwa ndo anatakiwa awepo pembeni ya mtoto mbele ya afisa. Ukikuta siyo wewe, usiseme tutaelezana kule kule, shughulikia kabla ya safari, hata kama ni kuomba upya.

Jina la ukoo halina shida lenyewe kama lenyewe, wanawake wengi duniani hawabadilishi majina. Kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba watoto ni wako na baba anajua walipo. Beba vyeti vya kuzaliwa vya RITA vya wote watatu, vyenye majina ya wazazi wote wawili. Mume wako aandike barua ya ridhaa kwa Kiingereza, ataje majina ya watoto na namba za pasipoti, jina la meli, tarehe za kwenda na kurudi, aweke namba yake ya simu, agongewe mhuri na wakili hapo hapo Iringa au Mafinga, aambatanishe na nakala ya kitambulisho chake. Na siku hizo simu yake isizimwe, maana afisa akiamua kupiga atapiga. Makaratasi haya yote yakae kwenye mkoba wa mkononi, usije ukayafungia kwenye sanduku kubwa maana Southampton masanduku yanachukuliwa mlangoni na yanakuja chumbani baadaye sana.

Mkifika Bergen pia msishangae mkaletewa barua chumbani mkaitwa ninyi na wengine wachache, wakati abiria wenye pasipoti ya Uingereza hawajaitwa. Nahodha anatuma orodha ya abiria angalau masaa 24 kabla ya kufika, kwa hiyo wanajua mapema nani anasafiri kwa viza. Halafu Norwei ukaguzi wa mipaka unafanywa na polisi, mama yako akiona sare za polisi presha isimpande, mwambie kabla.

Maswali ya Lerwick ni mafupi. Mnatokea wapi, mnasafiri na nani, nani kalipia, mnarudi lini Tanzania, unafanya kazi gani. Jibu kilekile kilichoandikwa kwenye maombi ya viza, kwa ufupi, usiongezee hadithi. Mwombe mdogo wako akutumie nakala ya ile fomu uisome, siyo yeye kaandika wewe ni mfanyabiashara we unasema mwalimu. Huyo wa miaka 9 anaweza kuulizwa jina lake na huyu ni nani, usimjibie, na usimkaririshe majibu, mtoto aliyekaririshwa anajulikana tu. Kama mama Kiingereza hakipandi, wewe simama naye, waambie maafisa mapema kwamba unamtafsiria.

Asubuhi yenyewe sasa. Nguo ziwekwe tayari usiku, ila huyo mtoto mdogo mbebe na nguo zake za kulalia akiwa amelala hivyo hivyo, hakuna anayejali, ilimradi uso uonekane. Mitandio haina tatizo, kofia na miwani ya jua zivuliwe. Simu mfukoni, usipige picha wala video kwenye ukaguzi. Chooni kabla ya kutoka. Ndizi au biskuti usiku uliotangulia zichukulieni kwenye bufee maana mtoto wa miaka 5 mwenye njaa kwenye foleni ni kesi nyingine, ila zisivuke mkashuka nazo nchi kavu. Ile bahari ya kaskazini inarusha, kama mtampa mtoto dawa ya kichefuchefu muulize daktari kwanza, nyingine zinalaza, na ukimpa usiku sana asubuhi utamburuza.

Pasipoti zenyewe, meli nyingi wanazikusanya mkipanda, na asubuhi ya ukaguzi mnapewa kwenye meza moja, mnapeleka kwa afisa meza ya pili, na kutoka pale mnazirudisha. Ni utaratibu wa kawaida. Baki na nakala zako za ukurasa wa picha na wa viza. Kisha hakikisha kadi zenu za meli zote tano zimerekodiwa kwamba mmeshapita, kadi isiyorekodiwa inapiga kelele getini na mnarudishwa juu wakati basi la matembezi linaondoka.

Kuhusu mama, usisubiri siku hiyo. Mdogo wako awaandikie kampuni ya meli sasa hivi, aseme kuna mzee mwenye shida ya magoti, anahitaji kiti cha magurudumu au sehemu ya kukaa. Kawaida wanampangia kupita mwanzoni au pembeni na familia yake yote nyuma yake, kwa hiyo hapo hata nyie mtafaidi. Dawa za presha ameze kwa muda wake, asiziahirishe eti mpaka ukaguzi uishe, na zikae kwenye maboksi yake zenye jina lake. Na ikitokea mtoto au mama kaamka anaumwa kweli, piga simu mapokezi kabla ya kundi lenu kuitwa, waambie ukweli, wao ndo watapanga na maafisa apite vipi. Kukaa kimya chumbani ndo kutawafanya msomwe kwenye spika.